Meko Imechoka: Turekebishe au Tung'oe?

Mwezi huu sina kisa cha shosti wala barua ya msomaji. Kisa ni changu mwenyewe, na aliyekosea ni mimi. Nakileta hapa kwa sababu nawajua: wengi wenu mlioko ughaibuni mmeanza kununua nyumba, na mlioko nyumbani mna kaka au dada huko ambaye siku moja atapiga simu kuuliza, "Eti, hapa nifanyeje?"

Kinahusu meko ya kuotea moto, ile ya ukutani ambayo Wabongo wa Marekani tumezoea kuiita fayaplesi.

Mimi na mume wangu tunaishi pembeni kidogo ya jiji la Minneapolis, jimbo la Minnesota. Kama hupajui, Januari huku baridi inaweza kushuka mpaka nyuzi 20 chini ya sifuri, na unaweza kumaliza wiki kadhaa hujaona udongo kwa theluji. Nyumba tuliyonunua ilijengwa mwaka 1986. Ina vyumba vitatu, gereji, na sebuleni kuna meko iliyozungushiwa matofali mekundu, juu yake ubao wa kuwekea picha. Dalali alipofungua tu mlango, mimi nilishamaliza. Mume wangu anakagua paa na mabomba, mimi nimesimama mbele ya meko naiona Krismasi.

Naomba unielewe. Mimi ni mtoto wa Lushoto. Kule milimani kuna nyumba za zamani za mawe zenye meko na dohani, na mwezi wa saba baridi ikikolea hakuna anayekaa mbali na moto. Mume wangu ni mtoto wa Temeke. Kwake yeye moto ni jiko la mkaa, tena likae uani. Kwa hiyo kwenye mambo ya meko, mtaalamu wa nyumba nilikuwa mimi. Cheo nilijipa mwenyewe.

Plasta ya kimya kimya

Mwaka wa kwanza tuliifaidi kweli. Mume wangu alikuwa anafanya kazi zamu ya usiku hospitalini, mimi mchana ofisini. Tulikuwa tunapishana mlangoni kama daladala barabarani: honi moja, kila mtu na njia yake. Jumamosi ndiyo ilikuwa yetu. Watoto wakishalala, tunazima simu, tunawasha moto, tunashusha chai ya tangawizi na kashata. Maamuzi yetu yote makubwa ya mwaka ule tuliyafanya pale chini kwenye zulia.

Mwaka wa pili nikaona ufa kwenye ukuta wa nyuma wa meko, ule unaopigwa na moto. Mwanzoni ulikuwa mwembamba kama uzi. Kufika Februari, ukucha unaingia. Nikamwita binamu yangu ambaye ni fundi ujenzi. Akanunua ndoo ya saruji dukani, akapiga plasta, akapaka rangi nyeusi, ikawa kama mpya. Nikampa dola 150 na sahani ya pilau.

Mume wangu sikumwambia. Si kwamba ni mkali, la hasha. Ila tulikuwa tunadunduliza hela ya msingi wa nyumba yetu Kigamboni, na kila dola ilikuwa inaulizwa inakwenda wapi. Nikasema moyoni, jambo dogo hili, la nini kulifanyia kikao?

Mwaka wa tatu, mwezi wa kumi, tulipowasha moto wa kwanza nyumba ikanuka. Si harufu ya kuni, ni harufu nzito, kama kitu kinaungua mbali. Halafu darini, juu kidogo ya meko, pakatokea doa la kahawia la maji. Mume wangu akasema, "Mama, zima huo moto. Tutafute mtu anayejua."

Akaja fundi wa dohani mwenye cheti. Mzee wa makamo, mpole, na kamera yake ndefu ya kupitisha kwenye bomba. Alipiga magoti, akamulika tochi, akagonga ukuta wa nyuma kwa kidole. Kisha akageuka na kuuliza kwa upole, "Nani alipiga plasta hapa?"

Mume wangu akanitazama. Mimi nikatazama zulia.

Alichokiona fundi

Chini ya plasta, kibao cha nyuma kilikuwa kimepasuka vipande vitatu. Juu ya paa, bati linalofunika boksi la dohani lilikuwa limeoza, maji ya mvua na theluji yanashuka ndani. Maji hayo yalikuwa yamekula sakafu ya chuma ya meko mpaka ikatoboka tundu la kupita kalamu. Darini, pingili mbili za bomba la moshi zilikuwa zimeanza kuachana. Na kupitia lile tundu, kamera ndogo ilituonyesha ubao wa fremu ya nyumba uliokwisha kuwa mweusi.

Akatueleza jambo ambalo sikulijua. Mbao ikipashwa joto kidogo kidogo kwa miaka, hubadilika ndani kwa ndani, na mwisho wake inaweza kushika moto kwa joto dogo kuliko lile la mbao mpya. Yaani haihitaji mwali kuigusa.

Juu ya ukuta ule kuna chumba cha watoto.

Usiku ule hatukugombana kwa kelele. Afadhali tungepiga kelele. Nilianza kujitetea kwa zile dola 150, mume wangu akanikatisha. "Mke wangu, hela sijali. Kinachoniuma ni kwamba tumewalaza watoto juu ya moto, na wewe ulijua kuna ufa." Sikuwa na jibu. Mpaka leo sina.

Hii si meko ya Lushoto

Kosa langu lilianzia kwenye kudhani meko ni meko. Ya Lushoto ni mawe na udongo kuanzia chini mpaka juu, na ni zito kama kaburi. Ikipata ufa, fundi anayejua kazi ya mawe anaweza kuiziba.

Hii ya kwetu ilitoka kiwandani. Ni sanduku la chuma lililoletwa na lori, likasukumwa kwenye fremu ya mbao, likaunganishwa na bomba la chuma linalopanda juu ndani ya boksi la mbao. Matofali mekundu ninayoyapenda ni urembo wa mbele tu. Ndani, zile kuta zinazofanana na matofali ni vibao vya saruji maalumu inayohimili moto, unene wake ni wa kiganja au pungufu. Na kati ya kuta za sanduku, na kwenye mabomba mengi ya aina hii, kuna nafasi ya hewa inayopita kupooza chuma, ili mbao zilizo jirani zisipate moto.

Marekani meko za namna hii hupimwa kwa kiwango kinachoitwa UL 127. Kinachopimwa ni mfumo mzima kwa pamoja: sanduku lile, vibao vile, bomba lile, kofia ile. Ndiyo maana huwezi kuchukua bomba la kampuni hii ukalivika sanduku la kampuni ile, au kuongeza milango ya kioo kwa sababu tu umeipenda dukani. Mlango usioruhusiwa na mtengenezaji unaweza kuziba njia ya hewa, sanduku likachemka kupita kiasi. Na plasta ya binamu? Ilificha ugonjwa, haikuutibu.

Lini urekebishe

Sasa tuje kwenye swali lenyewe. Kwanza tafuta kibandiko cha chuma chenye jina la kampuni na namba ya modeli. Mara nyingi kiko ndani, juu au pembeni ya mdomo wa meko. Bila namba hiyo, fundi yeyote anabahatisha.

Kama sanduku ni zima, bomba limeungana vizuri na vipuri vya modeli yako bado vinauzwa, rekebisha bila wasiwasi. Nyufa nyembamba kama uzi kwenye vibao si ajabu, kwa sababu saruji hupanuka na kusinyaa. Lakini ufa ukipanuka, kibao kikimomonyoka, au ukianza kuona chuma nyuma yake, badilisha kibao kizima. Weka kile kilichotengenezwa kwa modeli hiyo, au kile ambacho mtengenezaji amekikubali.

Bati la juu likioza, libadilishwe mapema kabla maji hayajafika kwenye sanduku. Ukiweka la chuma kisichoshika kutu, umepumzika. Kofia ya bomba, wavu wa kuzuia ndege na cheche, kizibo cha bomba kilichogoma kufunga: hizo nazo ni kazi za kawaida. Usiivunje meko nzima kwa sababu ya kizibo.

Masizi nayo yasikutishe. Kuni mbichi huacha utando mweusi unaonata ndani ya bomba, huitwa kriosoti, na ndio unaowaka dohani ikashika moto. Huo husafishwa. Choma kuni kavu tu, zenye unyevu chini ya asilimia 20. Kipimo kidogo cha kuchomeka kwenye ukuni kinauzwa madukani na bei yake si ya kutisha.

Lini ung'oe

Ng'oa kama kutu imetoboa sanduku. Hakuna kiraka wala kulehemu kutakakoirudisha kwenye hali iliyopimwa kiwandani. Ng'oa kama dohani iliwahi kushika moto na fundi ameona bomba limepinda au kuachana, na pingili za modeli ile hazipatikani tena. Ng'oa kama mtengenezaji alishafunga au aliacha kutoa vipuri, na kilichoharibika ni sehemu ya kuhimili moto. Na kama mbao za nyuma zimeungua, hapo hata usiulize.

Umri peke yake hauhukumu. Meko ya mwaka 1986 iliyotunzwa vizuri inaweza kuwa nzima kuliko ya juzi iliyoachwa inyeshewe. Lakini ikishavuka miaka 25 au 30, tatizo la vipuri huanza kubisha hodi, kwa hiyo ukaguzi usiuchezee.

Kuna wanaosema, "Basi tumbukiza jiko jipya ndani ya sanduku la zamani," au "Weka magogo bandia ya gesi, mambo yaishe." Polepole. Inawezekana tu kama kitabu cha meko hiyo kinaruhusu na jiko lenyewe limepimwa kwa matumizi hayo. Kuweka kitu kipya kwenye sanduku bovu ni kuvaa suti juu ya kidonda.

Na kwa anayenunua nyumba leo, sikia hili maana sisi hatukulisikia. Mkaguzi wa kawaida wa nyumba hutazama kwa macho na tochi. Chama cha kukinga moto cha Marekani, NFPA, kwenye kiwango chake namba 211, kina ngazi tatu za ukaguzi wa dohani, na nyumba inapouzwa kinataka ngazi ya pili: kamera ipite ndani ya bomba, na fundi aingie darini. Tulipewa nafasi hiyo tukaona ni gharama ya bure. Wakati huohuo tulinunua zulia la dola 400 la kuweka mbele ya meko hiyohiyo.

Kikao cha jikoni

Fundi alituachia hesabu tatu. Meko mpya ya kuni na bomba lake jipya, dola 9,200. Meko ya gesi, pamoja na kutoa ya zamani na kubadilisha zile mbao, dola 7,400. Kuziba kabisa na kufunika, dola 600. Kurekebisha hakuandika. Kwenye akaunti ya Kigamboni kulikuwa na dola 8,000 na kidogo.

Unaona mtihani huo? Mimi, mkosaji, ndiye niliyekuwa naitaka meko kuliko wote. Na mume wangu, mtoto wa Temeke asiyejali fayaplesi, ndiye mwenye ndoto ya Kigamboni. Tungeweza kukaa mwaka mzima tunabishana juu ya chuma, kumbe tunabishana ni ndoto ya nani itangulie.

Tukakaa jikoni na karatasi. Kila mmoja akaandika mambo mawili: anachokitaka, na anachokiogopa. Mimi niliandika nataka zile Jumamosi zetu, na naogopa kwamba hutaniamini tena. Yeye akaandika anataka mama yake aone msingi umesimama akiwa bado na nguvu za kutembea mpaka kiwanjani, na anaogopa kuamka usiku na kukuta moshi.

Hakuna aliyeandika neno "meko", mpenzi msomaji.

Baada ya hapo hesabu ikawa nyepesi. Msingi wa Kigamboni utangulie. Meko izibwe kwa muda, isiwashwe hata mshumaa mpaka fundi aseme. Hela ya meko mpya itoke kwenye zamu zangu za ziada, maana aliyepiga plasta ni mimi. Hilo la mwisho nililitaka mwenyewe, hakunilazimisha. Na yeye akaongeza moja: kila kitu kinachohusu moto, umeme, gesi na paa ni cha kikao, hata kama ni cha dola 10.

Hili ndilo jibu la tatu ambalo mafundi wengi hawalitangazi: si lazima urekebishe wala ung'oe leo. Meko isiyowashwa haichomi nyumba. Unaweza kuifunga, ukajipanga. Ila bati la juu litengenezwe hata kama huwashi, la sivyo mvua itaendelea kukudai. Na kengele za moshi na za kaboni monoksaidi ziwepo. Ile hewa ya sumu haina harufu wala rangi, na hapa Minnesota sheria inataka kengele yake iwe ndani ya futi 10 kutoka kila chumba cha kulala.

Baridi ya mwaka ule

Nitakudanganya nikisema tulikaa Jumamosi mbele ya meko iliyozibwa na mapenzi yakawa yaleyale. Hayakuwa. Jumamosi za mwanzo tulikaa kila mtu na simu yake. Ya tatu mume wangu akashusha blanketi kubwa la kitandani, akaweka taa ya mezani pale chini, akasema, "Haya mtaalamu, tuletee chai." Nikajua nimesamehewa, au angalau kesi imeahirishwa.

Mwezi wa nne wakatutumia picha kutoka Kigamboni. Mama mkwe amesimama katikati ya msingi, kanga kajifunga kiunoni, ananyoosha kidole mahali anapodhani patakuwa jiko lake. Picha ile ndiyo iko juu ya ubao wa meko sasa hivi.

Na meko? Vuli iliyofuata tulichukua ya gesi. Mimi nilikuwa nalilia harufu ya kuni, lakini tulishakubaliana, na nikaona mantiki yake. Moto wa wazi wa kuni unapeleka sehemu kubwa ya joto juu bombani, tena unavuta na hewa ya ndani ambayo umeshalipia kuipasha. Hii tuliyoweka imefungwa kwa kioo, inavuta hewa yake kutoka nje na kutoa moshi wake nje kwa bomba lenye bomba lingine ndani yake. Kioo kinachoma vibaya, kwa hiyo ina wavu wa kuwakinga watoto. Tulikata kibali cha jiji, mkaguzi akaja akasaini. Binamu yangu naye alikuja, lakini safari hii kula pilau tu.

Mlangoni mwa friji kuna kadi yenye tarehe ya ukaguzi wa kila mwaka, na sahihi mbili chini yake, yangu na ya mume wangu. Watoto wanadhani ni mapambo.

Kwa hiyo, wewe na mwenzio, kama mna meko iliyochoka, fanyeni kwa mpangilio huu. Zimeni moto. Tafuteni namba ya modeli. Lipieni kamera ipite. Halafu kaeni jikoni, kila mtu aandike anachokitaka na anachokiogopa, kabla hamjataja bei. Na kama kuna plasta uliyoipiga kimya kimya, iwe ya ukutani au ya mahali pengine, sema usiku huu. Usisubiri fundi aje aulize.

Tukutane mwezi ujao panapo majaliwa. Mpendane.